Livingstone na Duara: Maisha ya Mtu Aliyejifunza Kusoma Pembe

Kila mwaka, tarehe 21 Machi au siku iliyo jirani nayo, jua hupita juu ya Ikweta. Siku hiyo mtu akisimika fimbo ya mita moja, wima kabisa, pale Chimwaga kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, akangoja mpaka kivuli kiwe kifupi kuliko muda mwingine wowote wa mchana, atakuta kivuli cha sentimita 11 hivi kimelala kuelekea kusini. Jambo hilo halitokei saa sita kamili bali baada ya saa sita na nusu, kwa sababu saa ya Tanzania imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na Dodoma iko zaidi ya nyuzi 9 magharibi yake.

Sentimita 11 kwa mita moja. Namba hiyo tu inamtosha anayejua hesabu za pembe kusema kwamba yuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta. Hahitaji simu wala ramani.

Wanafunzi wetu wengi wa sekondari, na waseminari wa seminari ndogo pamoja nao, hukutana na hesabu hizi darasani kama orodha ya mambo ya kukariri: saini ya nyuzi 30, kosaini ya nyuzi 60, alama za kujumlisha na kutoa katika robo nne za duara. Mtihani ukipita, orodha inasahaulika. Wengine huuliza, tena kwa haki, padre atazifanyia nini hesabu hizo.

Leo tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyezisoma akiwa na miaka 27, akiwa tayari daktari na mhubiri, akaishi kwa kuzitegemea miaka 32 iliyofuata, akafia ndani ya Afrika akiwa na vyombo vya kupimia nyota miongoni mwa mizigo yake. Hakuwa Mkatoliki, lakini mwili wake ulipofika pwani yetu ulipokelewa na mapadre Wakatoliki. Mtu huyo ni David Livingstone.

Mtoto wa kiwanda cha pamba

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti. Wazazi wake, Neil na Agnes, waliishi na watoto wao katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kiwandani humo, kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine za kusokota. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku, na baada ya hapo alikwenda shule ya usiku kwa saa mbili nyingine. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Mchana aliweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake, katikati ya kelele.

Baba yake alikuwa mtu wa sala, muuza chai aliyegawa vijitabu vya dini, naye aliogopa kwamba vitabu vya sayansi vingemtoa mwanawe katika imani. Jambo hilo lilimsumbua kijana kwa miaka mingi. Alizipenda nyota, mimea na mawe, na pia alimpenda Mungu, lakini nyumbani aliambiwa achague. Alipokaribia miaka 20 alisoma kitabu cha Thomas Dick, Mskoti mwenzake aliyeandika habari za nyota na za uzima ujao bila kuona ugomvi kati yake, akapata amani. Tangu hapo hakuona tena kwamba kupima kazi ya Muumba ni kumkosea Muumba.

Mwaka 1836 aliingia Chuo cha Anderson mjini Glasgow kusoma udaktari, pamoja na Kigiriki na teolojia. Mwaka 1838 alipokelewa na Shirika la Misioni la London. Katika mafunzo ya kuhubiri hakung'ara: safari moja alipanda mimbari ya kanisa la kijijini, akasahau mahubiri yote, akashuka na kuondoka. Hata hivyo alivumiliwa. Novemba 1840 alipata cheti cha udaktari na kuwekewa mikono kuwa mhudumu wa Injili. Tarehe 8 Desemba mwaka huo alipanda meli iliyoitwa George kuelekea Rasi ya Tumaini Jema.

Darasa la kwenye sitaha

Safari ya bahari ilichukua miezi mitatu, na abiria wengi huimaliza safari kama hiyo kwa kulala na kulalamika. Livingstone alimwomba nahodha, jina lake Donaldson, amfundishe namna ya kujua meli iko wapi. Nahodha alikubali. Usiku hadi kufikia saa sita, wawili hao walisimama kwenye sitaha wakipima mwezi na nyota kwa kwadranti, kisha wakakaa kwenye meza na majedwali ya namba.

Alichofundishwa kinaanzia kwenye duara moja ambalo kila mwanafunzi anaweza kulichora. Chora mistari miwili inayokatana, mmoja umelala na mwingine umesimama. Mahali inapokatana weka kituo, chora duara ambalo nusu kipenyo chake ni moja. Iwe mita moja, hatua moja au shibiri moja, si kitu, mradi uiite moja. Sasa anza upande wa kulia, mahali duara linapogusa mstari uliolala, utembee juu ya duara kama mtu anayepanda kilima. Kila unaposimama una mambo mawili ya kusema juu ya mahali ulipo: uko juu kiasi gani kutoka mstari uliolala, na uko kando kiasi gani kutoka mstari uliosimama. Kimo ndiyo saini, umbali wa kando ndiyo kosaini.

Ukianza, kwenye nyuzi 0, kimo ni sifuri na kando ni moja. Ukipanda nyuzi 30, kimo ni nusu kamili. Ukifika nyuzi 90 uko kileleni: kimo ni moja, na kando ni sifuri. Ukiendelea upande wa pili unaanza kushuka, na kwa kuwa sasa uko kushoto, kosaini inaandikwa kwa alama ya kutoa. Hizo ndizo alama zinazowatesa wanafunzi. Hazina siri yoyote. Zinasema tu uko kulia au kushoto, juu au chini.

Hesabu hii ni ya watu wengi. Wahindi waliihesabu kwa nusu ya uzi wa upinde. Waarabu wakaipokea, wakaita kimo kile kwa neno lililosomwa kama mfuko au kifua cha vazi. Watafsiri wa Kilatini wakaliweka kuwa sinus, neno ambalo mseminari yeyote anayesoma Kilatini analijua. Kwa karne nyingi watengeneza majedwali walitumia duara lenye nusu kipenyo cha mamilioni ili wakwepe sehemu ndogondogo. Desturi ya kuhesabu kwa nusu kipenyo cha moja ilienea katika karne ya 18, hasa kwa kazi ya Leonhard Euler.

Kuna jambo moja kwenye duara hilo ambalo tutalihitaji mwishoni mwa habari hii. Kimo cha nyuzi 30 ni nusu. Lakini kimo cha nyuzi 150 nacho ni nusu. Mtu akikuambia kimo peke yake, hujui kama yuko upande wa kulia akipanda au upande wa kushoto akishuka. Jua la saa tatu asubuhi na jua la saa tisa alasiri yanaweza kuwa na kimo kile kile kabisa. Ili ujue uko wapi kwenye duara unahitaji kipimo cha pili.

Kijana aliyetoka kwenye nyuzi za pamba sasa alikuwa na nyuzi za duara. Alishuka Rasi Machi 1841, na mwishoni mwa Julai akafika Kuruman, kituo cha misioni cha Robert Moffat. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Mkono huo haukupona sawasawa maisha yake yote. Januari 1845 alimwoa Mary, binti wa Moffat.

Mwalimu wa pili

Mwaka 1849 alifika Ziwa Ngami pamoja na wenzake, akaanza kuelewa kwamba ndani ya bara kuna mito na watu ambao ramani za Ulaya ziliwaacha kwenye karatasi tupu. Kabla ya kwenda mbali zaidi alirudi shuleni. Mwaka 1852, baada ya kumsindikiza mkewe na watoto mpaka meli ya kwenda Uingereza, alikaa Cape Town kwa Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota, akarekebisha yale aliyoyasoma kwa nahodha. Alikuwa na miaka 39, mtu mwenye jina tayari, lakini alikaa kama mwanafunzi. Urafiki wao ulidumu: Livingstone aliendelea kumtumia Maclear vipimo vyake ili vikaguliwe.

Nchi kavu ina ugumu ambao bahari haina. Baharini nahodha hupima kimo cha jua kutoka mstari wa maji. Bara, mstari huo umefichwa na milima na miti. Kwa hiyo msafiri humimina zebaki kwenye bakuli dogo, ikatulia kama kioo, akapima pembe kati ya jua la angani na jua lililomo katika zebaki, kisha akaigawanya kwa mbili. Chombo chake, sekstanti, kina kipande cha duara cha nyuzi 60 tu, lakini kwa sababu ya vioo vyake kinapima hadi nyuzi 120 hivi. Huku kwetu jua la mchana hukaribia utosi. Tarehe 21 Machi hapo Chimwaga jua la mchana lina kimo cha karibu nyuzi 84. Mara mbili yake ni 168, na sekstanti haifiki huko. Ndiyo maana wasafiri wa nchi za joto walilazimika kukesha wakipima nyota, hata kama mchana kutwa walitembea kwa miguu wakiwa na homa.

Kimo cha nyota humpa msafiri latitudo. Longitudo ni ngumu zaidi, kwa kuwa inahitaji wakati. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, yaani nyuzi 1 kila dakika 4. Ukijua saa ya mahali ulipo na saa ya Greenwich kwa wakati huohuo, tofauti yake ndiyo longitudo yako. Saa ya Greenwich unaibeba katika kronomita, au unaitafuta kwa kupima umbali kati ya mwezi na nyota. Karibu na Ikweta, kronomita ikikosea dakika moja tu, ramani inakosea kilometa 28 hivi.

Kwa elimu hiyo Livingstone aliondoka Linyanti mwaka 1853 pamoja na Wamakololo 27, wakafika Luanda kwenye pwani ya magharibi tarehe 31 Mei 1854, yeye akiwa mgonjwa sana. Askofu wa Angola, ambaye wakati huo alikaimu nafasi ya gavana, alimpokea vizuri. Katika nchi ya Ambaca alishangaa kukuta wenyeji wengi wanaojua kusoma na kuandika, urithi wa Wayesuiti na Wakapuchini waliokuwa wameondolewa zamani, naye aliandika habari hiyo bila choyo ingawa hakuwa wa Kanisa lao.

Hapo Luanda aliweza kupanda meli na kwenda nyumbani. Hakupanda, kwa sababu aliahidi kuwarudisha Wamakololo kwao. Alituma barua, ramani na vipimo vyake kwa meli iliyoitwa Forerunner, na meli hiyo ikazama karibu na Madeira. Habari zilipomfikia njiani, alikaa Pungo Andongo na kuandika upya kazi yote. Kisha akavuka bara kuelekea mashariki, akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya Novemba 1855, akafika Quelimane Mei 1856.

Kipande ambacho hakukipima

Uingereza ilimpokea kama shujaa. Kitabu chake cha mwaka 1857 kilisomwa kila mahali. Mwaka uliofuata serikali ilimtuma tena akiwa kiongozi wa msafara wa Zambezi, mto ambao alikuwa ameutangaza kuwa njia kuu ya biashara halali itakayoua biashara ya watumwa.

Hapo lilijitokeza kosa lake. Katika safari ya mwaka 1856 aliacha kipande kimoja cha mto, akakata njia ya mkato, na kipande hicho hakukiona. Novemba 1858 alikifikia kwa mara ya kwanza: ni maporomoko ya Kebrabasa, ambayo leo yanaitwa Cahora Bassa, maji yanayoruka katikati ya majabali ambako hakuna meli inayopita. Mtu aliyepima nyota kwa uangalifu hivyo alikuwa ameahidi mto mzima kwa kuona sehemu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu. Aligombana na wenzake wa Ulaya, wengine akawafukuza. Alikuwa na subira kubwa kwa wagonjwa wake na subira ndogo kwa wasaidizi wake. Mkewe Mary alimfuata, akafariki kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Watoto wao walikuwa wamekua karibu bila baba. Mwaka 1863 serikali iliuvunja msafara.

Alibaki na meli ndogo ya mtoni, Lady Nyassa, mali yake mwenyewe. Kuiuza Zanzibar aliogopa ingeangukia mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Basi Aprili 1864 aliamua kuipeleka Bombay, yeye mwenyewe akiwa nahodha. Safari ya karibu kilometa 4,000 katika Bahari ya Hindi, kabla ya pepo za msimu kuchafuka, na mabaharia wachache: Wazungu watatu, Waafrika wa Zambezi ambao hawakuwa wamewahi kuiona bahari, na vijana wawili, mmoja akiwa Chuma, ambaye alikuwa amekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Baada ya siku 45 waliingia Bombay salama. Masomo ya Donaldson, ya miaka 24 nyuma, ndiyo yaliyowafikisha.

Mto wenye majibu mawili

Mwaka 1866 alirudi kwa mara ya mwisho, kupitia Zanzibar na mto Ruvuma. Alitaka kuonyesha ulimwengu uovu wa biashara ya watumwa, na alitaka kumaliza swali la chanzo cha Nile.

Januari 1867 mbebaji wa kronomita aliteleza na kuanguka, kisha akaanguka tena. Saa zilipata mshtuko, na longitudo alizozihesabu baada ya hapo zikawa na kasoro ambayo hakuweza kuiona. Mwezi huohuo sanduku la dawa liliibwa. Daktari alibaki bila kwinini, na mpima nyota alibaki na saa zisizosema kweli. Hata hivyo alisonga mbele: Ziwa Mweru mwaka 1867, Bangweulu mwaka 1868, Ujiji mwaka 1869.

Mwaka 1871 alifika Nyangwe kwenye mto Lualaba, mto mpana unaotiririka kuelekea kaskazini. Moyo wake ulikuwa umeshaamua kwamba huo ni Nile. Hoja yake ilikuwa mwelekeo: Nile inatoka kusini kwenda kaskazini, na huu unakwenda kaskazini.

Hapa turudi kwenye duara letu. Kimo cha nusu ni cha nyuzi 30, na pia ni cha nyuzi 150. Mto unaokwenda kaskazini pale Nyangwe unaweza kuwa Nile, na unaweza pia kuwa Kongo kabla haujakunja kona kubwa kuelekea magharibi. Ushahidi wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na majibu mawili, na yeye alichagua lile alilolipenda. Kilichokosekana ni kipimo cha pili. Yeye mwenyewe alikijua hicho: katika shajara ya mwaka 1872 anakiri hofu kwamba huenda miaka yote hiyo alikuwa akiufuata mto Kongo. Lakini hakuiruhusu hofu hiyo ibadilishe safari yake.

Palepale Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Mamia walikufa kwa risasi na kwa maji. Taarifa yake ya siku ile ilifika Uingereza mwaka uliofuata kwa mkono wa Henry Morton Stanley, aliyemkuta Ujiji mwishoni mwa 1871, na ikaongeza nguvu ya madai kwamba soko la watumwa la Zanzibar lifungwe. Lilifungwa Juni 1873. Kama angekuwa amekosea kila longitudo, ushuhuda huo peke yake ungetosha kumpa nafasi katika historia yetu.

Pamoja na Stanley alipiga makasia mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaona kwa macho yao kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Hapo alikubali mara moja. Alipoona hakubishana. Kuhusu Lualaba hakupata nafasi ya kuona. Aliagana na Stanley karibu na Tabora Machi 1872, akangoja wapagazi, na Agosti akaondoka tena kuelekea Bangweulu. Kwenye vinamasi, longitudo zenye kasoro zilimpoteza, na mawingu ya masika yalimnyima nyota. Alikuwa akitokwa damu kwa ugonjwa wa tumbo, akabebwa machelani. Mapema Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, wenzake walimkuta alfajiri amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake katika hali ya kusali.

Waliombeba

Hadi hapa tumesema Livingstone alipima, Livingstone alisafiri. Lakini kila kronomita ilibebwa na mtu, na kila bakuli la zebaki lilikuwa kichwani au begani mwa mtu. Sasa ilikuwa zamu ya watu hao kuamua, na hakuna aliyewalazimisha.

Chuma, Susi na wenzao waliamua kumrudisha kwao. Moyo na matumbo yake waliyazika chini ya mti pale kijijini. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik nchini India, alisoma sala za maziko na kuchonga jina na tarehe kwenye mti. Wainwright pia aliorodhesha mali yote ya marehemu ili kisipotee kitu. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa gome na turubai, wakaanza kutembea.

Walifika Unyanyembe Oktoba 1873, ambako Luteni Cameron alikuwa amepiga kambi, naye akachukua sehemu ya vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Kutoka hapo walishika barabara ya misafara ya kwenda pwani, ile iliyokatiza Ugogo, nchi hii ya mibuyu na ukame tunayoitazama tukiwa Chimwaga. Mahali ambapo wenyeji waliogopa maiti, walikunja mzigo ukafanana na robota la nguo. Wengine kati yao walikufa njiani.

Februari 1874, baada ya safari ya zaidi ya kilometa 1,500, walifika Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misioni yao hapo mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, waliupokea mwili huo, ukalala katika kanisa lao. Mnara wa kanisa hilo la zamani unaitwa hadi leo Mnara wa Livingstone, na mahujaji wengi kutoka parokia zetu wameusimamia. Kutoka hapo ulivushwa Zanzibar na kusafirishwa Uingereza. Huko ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba, ukazikwa katika Abasia ya Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwepo mazishini.

Mwaka huohuo Cameron alifika Nyangwe akapima kimo cha Lualaba kutoka usawa wa bahari. Alikuta uko chini kuliko Nile pale Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Hicho ndicho kipimo cha pili. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo mpaka Bahari ya Atlantiki, na swali likaisha: ulikuwa Kongo.

Tunachobaki nacho

Maisha haya yana mambo ambayo mseminari na mwanaparokia anaweza kuyabeba. La kwanza ni kwamba Livingstone alijifunza bila aibu: kwa nahodha akiwa na miaka 27, kwa mtaalamu wa nyota akiwa na miaka 39. La pili ni kwamba hakukariri. Majedwali yalikuwa mkobani, lakini duara lilikuwa kichwani, ndiyo maana aliweza kulitumia baharini, jangwani na mtoni.

La tatu ni gumu zaidi, na limo katika kosa lake. Kilichompoteza mwishoni si ujinga wa hesabu. Alikuwa na ukweli mmoja, akautosheka, kwa kuwa ulikubaliana na shauku yake. Katika uongozi wa roho, katika kusikiliza mashauri ya ndoa, katika kupambanua wito, sisi nasi hupewa kimo kimoja na kukimbilia kusema pembe. Mtu amekuja akilia: je, ni toba, au ni hasira? Kijana anataka kuingia seminari: je, anamtafuta Mungu, au anakimbia nyumbani? Dalili ya nje ni ileile. Anayejua duara atatulia, atauliza swali la pili.

Nao walioibeba maiti ile hadi Bagamoyo hawakuacha ramani hata moja kwa majina yao. Waliacha uaminifu wao tu, nao haukuwa na kasoro.

Machi ijayo, mwalimu wa hesabu awatoe wanafunzi nje na fimbo ya mita moja, kamba na rula. Wakishapima kivuli, wachore duara ardhini, na wajionee wenyewe nyuzi 6 na kidogo za Dodoma.